Pumzi Kabla ya Wimbo

Watu wa kanisa lile kongwe walikuwa na desturi ambayo wageni waliicheka na wao wenyewe hawakuiona, kama mtu asivyoiona pua yake. Hakuna aliyewaashiria kuanza wimbo. Mpiga kinanda aliweka vidole tayari akatulia, kiongozi wa kwaya alibaki amekumbatia kitabu chake, na kanisa zima likasubiri kinanda kile cha mabomba kipumue. Nyuma ya ukuta wa mbao, mahali waumini wasipopaona, mwanamume mmoja aliuvuta mpini chini, akauvuta tena na tena, mvukuto wake wa ngozi ukajaa upepo ukapanda hadi juu kabisa. Ulipofika juu, kwenye kunjo moja la ngozi lililokuwa limepasuka, upepo ulichepuka ukatoka polepole, hhhh, kama mtu mzima anayetua mzigo. Kanisa lilivuta pumzi pamoja nacho, ndipo sauti zote zikaingia kwa mkupuo mmoja. Mgeni aliyetangulia alijikuta anaimba peke yake, na palikuwa na mama mmoja wa kwaya, mnene, mkali, ambaye hakumkosa. "Subiri kwanza kipumue," alimwambia, na mgeni hakurudia kosa.

Mwanamume wa nyuma ya mbao walimwita Mzee Vukuto. Jina la ubatizo alikuwa nalo, lakini hata mkewe hakulitumia ila akikasirika. Siku za kazi alikuwa fundi viatu, mtu wa maneno ya kuhesabika na vidole vyeusi kwa rangi ya viatu. Jumapili alivisugua vidole vile kwa mafuta ya taa na sabuni, akaenda kuwa mapafu ya kinanda. Kazi ile aliirithi kwa baba mkwe wake, aliyeuvuta mpini uleule tangu binti yake huyo akiwa mtoto wa kubebwa, na watani walisema Vukuto aliposa mvukuto, mke akapewa kama nyongeza.

Aliyeufurahia zaidi utani huo alikuwa mke mwenyewe. Yeye alishona sare za shule sebuleni, na alikuwa msemaji. Aliongea na pini mdomoni, aliongea cherehani ikikimbia, aliongea na redio kana kwamba mtangazaji anamsikia. Vukuto alizoea kuwa msikilizaji, na hakuona ubaya. Nyumba ikiwa na msemaji mmoja mzuri, wa pili wa nini?

Kiharusi kilimwangusha mke akiwa amesimama mezani pake, mkasi mkononi. Hospitali walifanya waliyoweza. Alirudi nyumbani akiburura mguu wa kulia, akila mwenyewe, akimtambua kila mtu, lakini ulimi haukurudi naye. Si ndiyo wala hapana. Ukimuuliza kitu alikutazama machoni, midomo ikajaribu kidogo, kisha akageuza uso dirishani kwa aibu ambayo Vukuto hakuweza kuitazama. Binti yao, mwalimu wa watoto wadogo, alirudi kukaa nao, na jioni watatu hao walikula wakisikiliza vijiko vyao.

Jumapili ya kwanza baada ya hospitali, binti alimkalisha mama yake karibu na nguzo, mahali ambapo Vukuto angemwona kupitia mwanya wa mbao. Vukuto alivuta mpini kama kawaida yake. Mvukuto ulipanda, kinanda kikapumua, wimbo ukaanza. Na katikati ya sauti zote akaisikia ile aliyolala nayo kitanda kimoja maisha yake yote. Alidhani masikio yanamdanganya, akaweka jicho kwenye mwanya. Mkewe alikuwa ameinua kidevu, anaimba. Maneno yote, beti zote, hata ule mstari wa kati ambao kila mtu huukosea, yeye aliupita salama. Vukuto aliuachia mpini. Kinanda kikaanza kuzama, sauti zikalegea zikapinda, na mpiga kinanda, mwalimu mstaafu asiyejua kutania, alipiga teke mbao kwa kisigino. Vukuto akarukia mpini akivuta na kulia, na wale waliokuwa karibu wakadhani amebanwa mkono.

Wimbo ulipokwisha, mke akanyamaza tena. Lakini wimbo wa pili alikuwemo, na wa tatu.

Tangu siku hiyo wiki ya Mzee Vukuto ilikuwa na siku moja tu, nyingine zilikuwa njia ya kuifikia. Mtu mwingine angeshukuru akaishia hapo. Yeye alitaka ile sauti nyumbani pia, na hapo nani wa kumlaumu? Alimwekea redio ya nyimbo. Akina mama wa kwaya walikuja, wakajipanga kati ya cherehani na kabati, wakaimba mpaka majirani wakachungulia, naye mke aliwatazama kama mtu anayetazama mvua. Binti aliazima kinanda kidogo cha umeme shuleni kwake. Hakuna kitu. Daktari alisema wimbo hukaa sehemu nyingine ya kichwa, si pale yanapokaa maneno, na kwamba kuna kitu kule kanisani kinachoufungulia mlango. Waendelee kumpeleka.

Vukuto akaondoka na hitimisho lake kwamba kitu hicho ni kinanda, sauti ya mabomba yale na si mengine. Alikuwa amepata nusu. Na mwenye nusu ya ukweli yuko hatarini kuliko aliyedanganywa kabisa, kwa sababu haulizi tena.

Kisha wataalamu wa majengo wakaja na kamba zao, wakagonga kuta, wakatikisa vichwa. Kanisa lilikuwa linatitia upande mmoja. Lingevunjwa kabla halijaua watu, waumini wangehamia kanisa jipya upande wa pili wa mji, na kinanda, kilichokuja kwa meli vipande vipande enzi za mababu, kingefunguliwa, kirekebishwe na kusimamishwa upya huko. Waumini walililia jengo lao. Vukuto aliuliza jambo moja tu: kitachukua muda gani kabla hakijapigwa tena? Mchungaji alisema muda mrefu kidogo. Vukuto akafunga kibanda chake cha viatu, akaenda kumtafuta fundi mkuu wa vinanda.

Fundi mkuu alikuwa mtu mpole, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine juu ya kipara. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu, unajua nini kuhusu kinanda?"

"Kinanda sijui. Najua ngozi."

"Basi karibu. Ngozi ndiyo inayonitesa."

Kwa hiyo Vukuto alikuwepo kilipofunguliwa. Aliyaona mabomba yakishushwa moja moja, makubwa ya mbao yakibebwa na watu kama wagonjwa, madogo ya bati si makubwa kuliko penseli, yote yakilazwa kwenye mabenchi juu ya mablanketi. Ndani walikuta viota vya ndege, maganda ya peremende yaliyosukumiwa na watoto wa kwaya ambao sasa ni wazazi, na vumbi ambalo fundi mkuu alisema linafaa kuzikwa kwa heshima. Kila kipande kiliandikwa mahali pake kwa chaki. Vukuto alisafisha, alibeba, alishika ngazi, na hakuna aliyemwona akiketi. Alikuwa na haraka. Mkewe alikuwa nyumbani, bila Jumapili, kimya asubuhi na kimya jioni.

Kila alipofika nyumbani alimpa habari kabla hajavua viatu. "Leo tumeosha yale ya mbele, yanang'aa, ungeyaona." "Leo lile bomba lililokuwa linakwama limepona." Yeye aliyekuwa mtu wa maneno ya kuhesabika sasa aliongea mpaka chakula kikapoa, akijaza ukimya wa watu wawili. Mkewe alimtazama. Wakati mwingine alimfuta vumbi nyusini.

"Baba," binti alimwambia jioni moja jikoni, kwa sauti ya chini, "usimbebeshe mama kinanda chote hicho. Je, kisipomsaidia?"

"Kitamsaidia. Ni kilekile."

"Kimefunguliwa chote, baba."

"Hata mimi nikivuliwa koti ni mimi yuleyule," alisema, akaenda kulala.

Zamu ya mvukuto ilipofika waliubeba hadi karakana ya fundi mkuu, wakaulaza juu ya meza ndefu. Fundi mkuu alipitisha kidole kwenye kunjo lililopasuka. Ufa ulikuwa mrefu, kingo zake zimekauka na kugeuka kama midomo ya mtu mwenye homa.

"Hapa pamevuja miaka mingi," alisema. "Hamkujua?"

"Tulijua. Mkwe wangu alikuwa anasema ndivyo ulivyo."

Mchungaji, aliyepita kuwasalimu, alicheka akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wao wameshajenga kanisa zima jipya. Vukuto naye alicheka. Mimi nasema wahenga walikuwa watu wa maana, lakini walizungumzia kuta. Hawakuwahi kuona ufa ambao watu waliuzunguka kwa miaka mpaka ukawa ndio mlango wao.

Vukuto aliibandua ngozi yote ya zamani. Akachagua mpya, laini, isiyo na kovu, akazinyoa kingo kwa kisu chake cha viatu hadi zikawa nyembamba kama karatasi, akapasha gundi, akabandika kunjo baada ya kunjo, akikandamiza kwa kitambaa cha moto na kubana pumzi yake mwenyewe ili mkono usitikisike. Kazi ya namna ile alikuwa hajawahi kuifanya, wala hakuwahi kupewa nafasi ya kuifanya. Viatu ni viatu. Mteja akishavaa huenda kukanyaga matope. Fundi mkuu alijaza mvukuto upepo, akapitisha mshumaa kwenye kila kiungo. Mwali haukucheza.

"Mkono wako ni mzuri sana, mzee. Hauvuji hata chembe."

Ile ngozi ya zamani aliirundika nyuma ya karakana pamoja na takataka nyingine, akaitia moto mwenyewe. Iliungua kwa harufu mbaya. Nyumbani alimsimulia mkewe kila kitu, jinsi alivyonyoa, jinsi mwali ulivyosimama wima, na sauti yake ilikuwa na majivuno ambayo binti hakuwa ameyasikia kabla. "Hakivuji hata chembe, mama," alisema. "Kitakuimbia kikiwa kizima." Mkewe alimsikiliza kwa makini kama aelewaye, na huenda alielewa.

Siku ya kuzindua kinanda ilifika. Kanisa jipya lilikuwa pana, jeupe, lenye vipaza sauti nguzoni na skrini ya kuonyesha maneno ya nyimbo, na kwaya ya vijana waliovaa majoho yenye mikunjo ya pasi bado. Waumini wa kanisa kongwe walipewa viti vya mbele kwa heshima. Mzee Vukuto naye alikaa mbele, amevaa suti, kwa sababu nyuma hapakuwa na kazi tena. Upepo sasa ulitoka kwenye feni ya umeme iliyofichwa katika chumba chake, na mpini haukuhitajika. Kwa mara ya kwanza tangu wafunge ndoa alikaa kanisani bega kwa bega na mkewe. Aliushika mkono wake. Mkewe alimtazama kwa mshangao kidogo, kana kwamba anamuuliza anafanya nini upande huu.

Askofu alitangaza wimbo. Mpiga kinanda aliweka vidole. Mkewe aliinua kidevu, midomo ikafunguka kidogo, na Vukuto akafurahi kwa sababu alikijua kidevu kile.

Kinanda kikalia. Kilitokea tu, ghafla, safi, kimenyooka, bila pumzi wala onyo, kama taa inavyowashwa. Vijana wa kwaya, wanaotazama mkono wa kiongozi wao, waliingia sawasawa. Viti vyote vya mbele vilibaki vimefumba midomo. Wakongwe walitazamana, wengine wakaanza kucheka kwa aibu, wakadandia wimbo mstari wa pili ukiwa unaisha, huyu hapa, yule kule, kama watu waliochelewa gari. Na yule mama mkali wa kwaya, kwa mazoea tu, alinong'ona, "Lakini hakijapumua."

Vukuto alisikia. Akageuka taratibu kumtazama mkewe.

Mkewe alikuwa anasubiri. Kidevu juu, midomo wazi, kifua tayari kupokea. Alisubiri ubeti wa kwanza wote. Alisubiri wa pili, macho yameelekezwa kwenye mabomba yanayong'aa, kwa adabu, kama mtu aliyeambiwa ataitwa. Wimbo ukaisha amesubiri. Wimbo wa pili aliinua kidevu tena. Wa tatu hakuinua.

Ibada iliyobaki Vukuto hakuisikia. Alikuwa anahesabu mambo kichwani na yote yalikuwa yanampa jibu lilelile. Tangu mkewe akiwa mtoto mgongoni, baba yake akiwa nyuma ya mbao, pumzi ile ndiyo ilikuwa ikimwambia imba. Baadaye ilikuwa pumzi ya Vukuto. Kila Jumapili ya ule ugonjwa yeye ndiye aliyekuwa akimwita mkewe kwa mikono yake miwili, naye mke akaitika, na yeye, mjinga, amesimama gizani akikishukuru kinanda. Halafu akachukua kisu na gundi akaziba mdomo uliokuwa ukimwita. Alijichukia pale kitini, waziwazi, akiwa amevaa suti na watu wakimpongeza.

Alimfuata fundi mkuu chumbani kwa feni.

"Naomba upasue ile ngozi. Kunjo la tatu, upande wa ukuta."

Fundi mkuu alidhani anatania. Alipomwona uso, alishusha miwani ya kiparani. "Kwa nini, mzee wangu?"

Akamweleza. Si mtu wa kusimulia, alieleza hovyo, akirudi nyuma na kuruka mbele, lakini fundi mkuu alielewa, akakaa juu ya sanduku lake la zana.

"Ningepasua," alisema. "Wallahi ningepasua, kisha wanifukuze. Lakini haitakuwa ile. Feni haipandishi mvukuto ukafika juu ukatua. Inaujaza na kuushikilia hapohapo. Tundu litapiga mluzi tangu ibada inaanza hadi inaisha. Ile pumzi haikuwa ya ufa peke yake, mzee. Ilikuwa ya mkono wako unavyovuta."

"Turudishe mpini."

"Mpini uliachwa kule. Ulikuwa umefungwa ukutani, na ukuta ule..." Hakumaliza. Kanisa kongwe lilikuwa limeshavunjwa, na kifusi kimebebwa. "Ungeniambia kabla."

"Sikujua."

"Hata mimi nisingejua," fundi mkuu alisema, na alikuwa mkweli, lakini maji yakimwagika hayazoleki, na ukweli wake haukumfaa mtu kitu.

Walirudi nyumbani watatu. Binti alijaribu kusema watazoea, kwamba labda mama atakizoea kinanda kipya kidogo kidogo. Vukuto alijibu ndiyo, ndiyo, huku akimfungulia mkewe viatu. Wakaenda Jumapili nyingine, na nyingine. Mkewe alikaa, akatazama skrini, akatazama kofia za watu. Kidevu kilibaki chini.

Ndipo alipoanza kujaribu mwenyewe. Aliporudi kutoka kazini alivuta kigoda, akaketi mbele ya kiti cha mkewe pale dirishani, akanyanyua mikono yote miwili kama mwenye mpini, akaivuta chini. Akajaza kifua mpaka mabega yakapanda. Akaachia kwa mdomo, polepole, hhhh, akijitahidi kukumbuka urefu wa ile pumzi, ilivyoanza kwa nguvu na ilivyofifia. Kisha akaanza wimbo, kwa sauti yake ya ovyo ambayo haikuwahi kuhitajika. Mkewe alimtazama. Akarudia. Safari hii kwa kasi zaidi. Safari hii kwa kinywa nusu wazi. Wiki nzima, kila jioni, binti akiwa jikoni amezima jiko ili asikie kama kutakuwa na kitu cha kusikia, na hakukuwa.

Jioni ya Jumamosi aliivuta mikono mara nyingi mpaka jasho likamtoka, akapumua ile pumzi, ndefu, karibu kabisa na yenyewe. Safari hii wimbo hakuuanza.

Mkewe aliinuka. Ilimchukua muda, mguu wa kulia ukiburura, mkono ukishika kabati. Alichukua mto kutoka kwenye kiti chake, akamwekea mgongoni, akaupapasa ukae vizuri. Alidhani amechoka. Akasimama pembeni yake na kumpigapiga begani, kama mke anavyompigapiga mume aliyerudi hoi kutoka kazini, na usoni mwake mlikuwa na huruma yote ambayo zamani angeisema kwa maneno mengi na pini mdomoni. Vukuto akauegemea mto, kwa kuwa alikuwa amepewa. Pumzi ikamtoka tena, safari hii bila kukusudia, na tena, hakuweza kuizuia, na kila ilipotoka mkewe alimpigapiga.